Ushahidi wa Mali Iliyomo Ndani ya Chombo Kilichokamatwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Mama mmoja wa Pemba ametuletea swali ambalo, kwa sura mbalimbali, tumekuwa tukilipokea kwa miaka mingi. Jahazi limekamatwa na shehena yake imezuiliwa. Ndani yake mna mali za watu kadhaa: mchele wa huyu, nguo za yule, vipuri vya pikipiki vya mwengine. Sehemu kubwa ni ya kaka yake huyo mama, naye karatasi zake hazikuwa sawa. Sasa anamtaka mpwa wake, kijana wa miaka 23, asimame mahakamani aape kwamba theluthi ya mzigo ule ni wake yeye. Kijana mzigo wenyewe hajapata kuuona. Mama anauliza: mwanangu akenda, atakuwa amemuokoa mjomba wake au amejiangamiza?

Jawabu fupi ni kwamba haijuzu. Lakini jawabu fupi halitoshi, kwa sababu mjomba naye ana hoja. Anasema: mali ni yangu kwa haki, sikumuibia mtu, na hakuna anayedhulumiwa kijana akisema ni yake, mimi nainusuru mali yangu tu. Hoja hii imewaponza watu wengi wasiokuwa wezi wala waongo, kwa hivyo inastahiki kujibiwa kwa ukamilifu.

Kikombe cha fedha

Mas-ala ya ushahidi juu ya mizigo ya wafanyabiashara safarini yana asili ndani ya Qur-ani. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kisa cha mtu wa kabila la Bani Sahm aliyesafiri pamoja na Tamim ad-Dari na Adiyy bin Badda', ambao wakati huo walikuwa bado Wakristo. Yule Msahmi akafariki njiani, katika nchi isiyokuwa na Waislamu. Wenzake wakarudi na mali yake wakaikabidhi kwa jamaa zake, lakini jamaa wakakikosa kikombe cha fedha kilichonakshiwa kwa dhahabu. Mtume (S.A.W.) akawaapisha wale wawili, wakaapa. Baadaye kikombe kikaonekana Makka, na waliokuwa nacho wakasema wamekinunua kwa Tamim na Adiyy. Hapo wakasimama watu wawili katika jamaa za marehemu, wakaapa kwamba ushahidi wao ni wa kweli zaidi kuliko wa wale wawili na kwamba kikombe ni cha mtu wao. Aya za 106 hadi 108 za Suratul Maida zimeteremka kwa kisa hiki.

Baadhi ya wanavyuoni wa tafsiri wamesimulia kwamba marehemu alipohisi mauti aliandika orodha ya vitu vyake vyote akaificha ndani ya mizigo, na kwamba orodha hiyo ndiyo iliyowafanya jamaa waulize. Ipo pia riwaya kwa Tirmidhi kwamba Tamim aliposilimu moyo wake haukutulia, akaenda kwa jamaa za marehemu akawaeleza ukweli na akawarudishia dirhamu 500 zilizokuwa fungu lake katika thamani ya kikombe. Tirmidhi mwenyewe ameidhoofisha isnadi yake, kwa hivyo hatuitegemei katika hukumu.

Tunaomba msomaji atazame jambo moja. Wale wawili ndio waliokuwa na mali mikononi mwao, na walikuwa mashahidi pekee wa yaliyotokea safarini. Kiapo chao kilikubaliwa kwa dhahiri yake. Lakini dhahiri ile haikukigeuza kikombe kuwa chao, na ilipokuja bayana yenye nguvu zaidi jambo lilifunguliwa upya.

Nani mdai, na nani anayetakiwa kuapa

Kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi ni kwamba bayana ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekanusha. Mwenye mali mkononi mwake huitwa mwenye yadi, na yadi peke yake ni hoja mpaka mwengine alete ushahidi. Mtu akikukuta na gunia la karafuu begani akadai ni lake, wewe huna kazi ya kuleta mashahidi. Kazi ni yake.

Chombo kikikamatwa, mambo huchanganyika. Yadi ya nahodha ni yadi ya amana, si ya umiliki. Kwa hivyo aliyeyaona magunia ndani ya jahazi la Fulani hawezi kwa kuona huko tu kushuhudia kwamba magunia ni ya Fulani. Naye aliyekamata, mkono wake umejulikana ulivyoanza: umeanza kwa kukamata. Kama ukamataji ni wa haki au si wa haki, hilo hutazamwa kwa dalili zake, lakini mkono huo hauwi dalili ya kumiliki.

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika visiwa vyetu, Imam Nawawi ameeleza ndani ya Al-Minhaj kwamba kuiona mali mkononi mwa mtu peke yake hakumruhusu shahidi kutamka kuwa ni milki yake. Kauli sahihi zaidi inaruhusu pale mtu alipoonekana kwa muda mrefu akiishika na kuitumia kama watumiavyo wenye mali: anauza, anaweka rehani, anabomoa na kujenga, na hakuna anayempinga. Mzigo wa biashara haukai muda huo mkononi mwa mtu. Leo umo dukani, kesho umo baharini. Ndiyo maana katika shehena shahidi wa maana ni yule aliyehudhuria ununuzi, au aliyehesabu magunia yakipakiwa na kusikia yanatajwa kwa jina la nani.

Idadi inayotosha katika mali ni wanaume wawili, au mwanamme mmoja na wanawake wawili, au, kwa Mashafii, Wamaliki na Wahanbali, shahidi mmoja pamoja na kiapo cha mdai. Wahanafi hawakubali njia hii ya mwisho. Na kuna wasiokubaliwa hata wakiwa wachamungu: mzazi kwa mwanawe na mwana kwa mzazi wake, mshirika kwa mshirika katika mali ya ushirika wao, wakili kwa aliyemuwakilisha katika jambo lile lile la uwakala. Ndugu kwa ndugu hukubaliwa, na mjomba na mpwa vivyo hivyo. Kwa hivyo kizuizi cha kijana wetu si udugu. Angelikuwa ameyaona magunia yakinunuliwa na kupakiwa, angeliweza kwenda kushuhudia kuwa ni ya mjomba wake, na huenda ingelikuwa wajibu wake kwenda.

Meli ya Nereide

Mahakama za mataifa mengine nazo zimesumbuka na jambo hili, na kumbukumbu zao zina funzo. Zamani nchi zilipopigana baharini, kila upande ulikuwa na mahakama za ngawira, ambazo kazi yake ni kuamua chombo kilichokamatwa na shehena yake ni vya adui, au ni vya mtu asiye upande wowote vitani. Huko London hakimu aliyejulikana zaidi ni Sir William Scott, baadaye Lord Stowell, aliyekaa katika mahakama kuu ya mambo ya bahari kuanzia 1798 hadi 1828. Nahodha, saidia wake na baadhi ya mabaharia walikuwa wakiulizwa maswali yaliyokwishaandikwa, kila mmoja peke yake, kabla hawajapata nafasi ya kupanga maneno. Karatasi zote za chombo zilipelekwa mahakamani. Kisha mwenye kudai shehena ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kuwa ni yake. Msomaji ataona kwamba kanuni yetu hapo imegeuzwa juu chini: mwenye mali ndiye mdai, na aliyekamata anasubiri tu.

Ugumu huu haukutoka hewani. Wafanyabiashara wa nchi zilizo vitani walikuwa wakiazima majina ya watu wa nchi nyengine, wakaandika ankara na hati za shehena kwa majina hayo, na walioazimwa wakaapa. Uongo ulipozidi, mahakimu wakawa hawamuamini hata mkweli. Wakaweka na kanuni kwamba aliyeficha mali ya adui chini ya jina lake hupoteza pamoja nayo mali yake mwenyewe iliyomo humo. Hawa hawakusoma fiqhi yetu, lakini walichokiona ni kweli: anayeazima jina lake huiweka rehani na mali yake ya halali.

Sasa tutazame kesi moja. Mwaka 1813, Marekani na Uingereza zikiwa vitani, mfanyabiashara wa Buenos Aires aitwaye Manuel Pinto alikodi huko London meli ya Kiingereza yenye mizinga, Nereide, arudi nayo kwao na bidhaa. Mwezi wa Disemba meli ikakamatwa na chombo cha Wamarekani binafsi waliokuwa na kibali cha serikali yao, ikapelekwa New York. Ndani yake mlikuwa na mali zake, mali alizozidai kwa niaba ya baba yake na dada yake, mali za ushirika ambazo yeye alikuwa na fungu tu, na mali za Waingereza. Mahakama ya chini ikahukumu kila kitu kuwa ngawira. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1815 Jaji Mkuu John Marshall, kwa niaba ya majaji walio wengi, akaamua kwamba mali ya asiye upande wowote haigeuki kuwa ya adui kwa kupakiwa ndani ya meli ya adui, hata kama meli hiyo ina silaha. Jaji Joseph Story akapinga kwa nguvu. Meli ilikwenda, na mali za Waingereza zilikwenda. Pinto akarudishiwa yaliyothibiti kuwa ni yake na ya aliowadaia.

Tukiipima kesi hii kwa mizani yetu, Pinto kwa mali yake ni mdai, kwa mali ya baba na dada ni wakili, na kwa mali ya ushirika ni mshirika. Kwa Mashafii asingelikuwa shahidi katika hata moja kati ya hizo. Angelihitaji watu wa nje, au mmoja wao pamoja na kiapo chake. Lakini kuna jambo alilolifanya ambalo ndilo tunalomtaka mjomba wa Pemba alisikie: aliyagawa madai yake. Hili langu lote, lile nina fungu tu, lile la baba. Hakusema shehena yote ni yake, ijapokuwa meli aliikodi yeye na ingelikuwa rahisi kusema hivyo.

Katika bahari yetu

Sisi wenyewe tuna historia ya mambo haya, na si yote ya kujivunia. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilikuwa zikizunguka bahari ya Zanzibar, Pemba na mwambao kuwinda majahazi ya biashara ya watumwa. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1869 ikaipa mahakama ya konseli wao hapa Zanzibar uwezo wa kuhukumu kesi hizo, na mwaka 1873 Sayyid Barghash akatia saini mkataba wa kuifunga biashara ile. Mabaharia wa manowari walikuwa wakilipwa kwa kila mtumwa aliyekombolewa, na hata kwa ukubwa wa chombo kilichohukumiwa. Maofisa hawakujua Kiarabu wala Kiswahili, walitegemea wakalimani. Majahazi mengi yalichomwa moto huko huko baharini kabla ya hakimu yeyote kuyaona, na mengine katika hayo yalikuwa ya biashara ya halali. Mtu aliyekuwa na sandarusi yake au ngozi zake ndani ya chombo kama hicho, na ushahidi wake ukateketea pamoja na chombo, angeanzia wapi?

Hiyo ni dhulma na tunaiita dhulma. Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Walikuwapo manahodha na matajiri, Waislamu kama sisi, walioapa kwamba watu waliowabeba ni mabaharia au jamaa zao, na hali ni watu waliotekwa bara wakipelekwa kuuzwa. Binadamu wale hawakuwa shehena. Kiapo cha uongo kiliwarudisha utumwani, na kiapo hicho hicho kilimfanya ofisa asimuamini nahodha mkweli aliyekuja baada yake. Tena kulikuwa na bendera za kuazima: majahazi ya watu wa Sur, Oman, yalipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiyapekue, mpaka mataifa hayo mawili yakafikishana kwenye mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa uamuzi wake Agosti 1905 na kuwabana waliokuwa wakistahiki kupewa bendera hiyo.

Hoja ya mjomba

Turudi kwenye hoja yenyewe. Wanavyuoni wamekubali kwamba ipo hali ambayo kusema kinyume na hali halisi kunaruhusiwa, bali huweza kuwa wajibu. Nawawi ametaja mfano wa mtu aliyewekewa amana, akaja dhalimu anataka kuichukua. Hapo ni wajibu kuificha, na akiulizwa huikanusha. Lililo bora ni kutumia tawriya, yaani maneno yenye maana mbili ambayo msemaji anakusudia ile ya kweli. Mjomba huenda akasema: basi na mimi nimo katika hilo.

Hayumo, kwa sababu tatu. Kwanza, mfano ule ni wa kuificha amana ya mwenyewe isichukuliwe. Si wa kumfanya hakimu aitoe mali kwa mtu asiyekuwa mwenyewe. Pili, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kiapo hufuata nia ya yule anayeapisha. Mbele ya hakimu anayeapisha kwa haki, tawriya haimfai mwenye kuapa. Amekula yamini ya uongo. Wala asiseme kwamba hii si mahakama ya kadhi. Mahakama zetu za kadhi hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, na kesi ya shehena huenda mahakama nyengine, lakini wajibu wa kusema kweli haubaki mlangoni mwa kadhi. Tatu, hayuko peke yake ndani ya jahazi lile. Mwenye mchele na mwenye nguo wanasubiri uamuzi wa hakimu yule yule. Siku uongo wa theluthi ukifichuka, nani atayaamini madai yao?

Na tunamkumbusha kijana hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ambamo Mtume (S.A.W.) alikuwa ameegemea akiyataja madhambi makubwa, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi sawasawa, akawa anaukariri mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Pia katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamisha ushahidi kwa uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Mjomba ni jamaa.

Wapo waliotushauri kijana apewe hiba: mjomba ampe theluthi leo, kesho aape kwa ukweli. Hila hii haisimami. Katika madhehebu yetu hiba haimilikishi mpaka aliyepewa aipokee kwa idhini ya mtoaji, na mali iliyozuiliwa hakuna anayeweza kuipokea. Isitoshe, hakimu anauliza mali ilikuwa ya nani siku ya kukamatwa, si leo.

Linalojuzu ni hili. Mjomba amuweke kijana kuwa wakili wake kwa maandishi na kwa kuitangaza wakala hiyo, ili afuatilie kesi na kusema waziwazi kwamba anasimama kwa niaba ya mjomba. Atafutwe muuzaji aliyeuza, wapagazi waliopakia, na karani aliyeandika. Nahodha aulizwe alichokabidhiwa na nani. Ikiwa kosa ni la karatasi au ushuru, likiriwe na faini ilipwe; hasara ya faini ina mwisho. Na kwa safari zijazo, aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudilisha. Majahazi yetu bado yanapakia kwa maneno ya mdomo, gunia lina alama ya rangi na mwenye kuijua alama ni nahodha peke yake. Akifa nahodha, tumerudi kwenye kikombe cha Msahmi.

Limebaki swali ambalo mama hakuliuliza, lakini wengine wameliuliza kwa siri: nimekwishashuhudia uongo, na mali imekwishatolewa, nifanye nini? Kama hakimu hajahukumu, rudi ujirudi. Ushahidi wako hautahukumiwa kwao. Kama amehukumu na mali imetoka, basi ujue kwamba hukumu ya hakimu haihalalishi kwa ndani kilichokuwa haramu. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba huenda akahukumu kwa kufuata ufasaha wa mgomvi, na anayechukua haki ya nduguye kwa hukumu hiyo amekatiwa kipande cha moto. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kwamba mashahidi wa mali wakirudi nyuma baada ya hukumu kutekelezwa, hukumu haivunjwi lakini wao hulipa gharama kwa aliyepoteza mali. Wakiwa wawili, kila mmoja nusu. Asiyeweza kulipa kwa pamoja alipe kidogo kidogo, na amwendee mwenye mali mwenyewe, kwani haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake.

Wallahu a'lam.